Somo la Tisa: Tuitengeneze Nyumba ya Wazee Wetu

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuikagua nyumba ya zamani ya familia, jinsi ya kukubaliana kabla ya kazi, na jinsi ya kuitengeneza kwa mpango. Soma polepole. Ukimaliza kila sehemu, simama kwanza, uitazame nyumba yenu, kisha uendelee.

1. Nyumba juu ya kilima

Ukipanda milima ya Umatengo, katika Wilaya ya Mbinga, utaona nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zilizoezekwa kwa mabati. Nyingi zilijengwa kwa fedha za kahawa. Mzee alivuna, akauza, akachoma tanuri la matofali. Mwaka uliofuata akanunua mabati machache. Mwaka wa tatu akaweka milango. Hivyo nyumba moja ilichukua miaka mingi, na ndani yake limo jasho la baba, mama na watoto.

Ukiteremka mpaka mwambao wa Ziwa Nyasa, kule Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, utaona pia nyumba za familia za namna nyingi. Zipo za matofali ya kuchoma, zipo za matofali mabichi, na zipo za miti na udongo. Sehemu hiyo ya mwambao ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga mpaka mwaka 2012, ilipoanzishwa Wilaya ya Nyasa.

Nyumba hizi zinazeeka. Wazee waliozijenga wengi wametangulia mbele ya haki. Watoto wanajiuliza: tubomoe au tutengeneze?

Tuchukue mfano wa familia moja. Baba amefariki. Mama anakaa katika nyumba ya vyumba vinne pamoja na wajukuu watatu. Ukuta wa nyuma una ufa. Mabati yanavuja. Kijana mkubwa anafanya kazi mjini Songea. Dada yake ameolewa kijiji cha jirani. Mdogo wao ni mvuvi kule ziwani. Siku moja wamekutana kwa mama.

Kijana mkubwa akasema, "Mama, nimeweka fedha kidogo. Nataka tuweke mabati ya rangi, na tupake rangi kuta zote. Nyumba ipendeze."

Mama akajibu, "Ahsante, mwanangu. Lakini njoo kwanza nikuonyeshe ninapolala."

Akamwingiza chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimesogezwa katikati ya chumba. "Mvua ya Machi niliogopa ukuta huu," mama akasema. "Usiku nilikuwa nawahamishia watoto sebuleni."

Kijana akaingiza vidole vyake katika ufa. Vikaingia vyote vitatu. Akanyamaza.

Yule mdogo wake mvuvi akasema, "Kaka, sisi kule ziwani mtumbwi ukitoboka hatuupaki rangi. Tunatafuta tundu kwanza."

Haya ndiyo maneno ya kukumbuka katika somo hili. Tafuta tundu kwanza.

2. Kagua nyumba yote

Usianze kununua vifaa kabla hujakagua. Chukua daftari, kalamu, kisu, na kamba yenye jiwe mwishoni. Kamba hiyo itakuwa timazi yako. Mwite fundi mwashi mzoefu mfuatane naye. Zungukeni nje kwanza, kisha mwingie ndani. Andika kila mnachokiona.

Chini: Je, maji ya mvua yanasimama karibu na ukuta? Je, msingi umeachwa wazi kwa sababu udongo umechukuliwa na maji? Je, matofali ya chini yanamomonyoka?

Kuta: Ning'iniza timazi kutoka juu ya ukuta. Je, ukuta umesimama wima, au umelala nje? Nyufa ziko wapi?

Juu: Ingia ndani mchana, funga milango na madirisha, utazame paa. Kila panapoingia mwanga, maji nayo huingia. Choma mbao za kenchi na papi kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, mbao imeoza au imeliwa na mchwa.

Mchwa: Tafuta njia za udongo zinazopanda ukutani. Mchwa hutoka ardhini, na mara nyingi huwa wamefika darini kabla hujawaona.

Sasa tuzungumze juu ya nyufa, maana ndizo zinazotisha watu. Nyufa si zote sawa. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu mara nyingi ni wa lipu tu. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha huonyesha kwamba msingi umezama upande mmoja, au kwamba juu ya dirisha hakuna kitu imara cha kubeba uzito. Ufa uliosimama wima kwenye kona huonyesha kwamba kuta mbili zimeachana.

Je, ufa bado unaendelea kupanuka? Kuna njia rahisi ya kujua. Chukua kipande cha karatasi. Kibandike kwa gundi kukatisha ufa. Andika juu yake tarehe ya siku hiyo. Kitazame kila wiki, hasa wakati wa mvua. Karatasi ikichanika, ukuta bado unatembea. Ikibaki nzima masika yote, ukuta umetulia. Hapo unaona faida ya kujua kusoma na kuandika: karatasi ndogo yenye tarehe inaweza kukuambia habari za ukuta mzima.

Lakini ukuta ukiwa umelala nje, au ufa ukiingiza vidole kama ule wa chumba cha mama, usingoje karatasi. Wahamishe watu wasilale karibu nao, uusimamishie mihimili ya kuushikilia, na umwite fundi mara moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Kaeni kikao, muandike

Nyumba ya familia si ya mtu mmoja. Ugomvi mwingi huanza baada ya kutengeneza, wala si kabla. Mmoja husema, "Mabati ni yangu." Mwingine husema, "Kiwanja ni cha baba." Mama mjane naye anaweza kujikuta hana mahali pa kukaa katika nyumba aliyoisombea maji wakati inajengwa.

Basi kabla ya kuchanganya hata karai moja la udongo, kaeni kikao. Mama awepo na asikilizwe. Mabinti wawepo pia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Tena, sheria hiyo inaiwezesha halmashauri ya kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Kama kiwanja chenu kijijini hakina hati, ulizeni ofisi ya kijiji namna ya kuomba.

Jibuni maswali haya, na majibu yaandikwe:

(a) Nani ataendelea kukaa katika nyumba hii?
(b) Kila mmoja atatoa nini: fedha, vifaa, au nguvu?
(c) Je, mchango huo ni msaada, ni mkopo, au unampa mtu sehemu ya nyumba?
(d) Nani atatunza fedha, na nani atatunza daftari? Wasiwe mtu mmoja.

Maandishi yenu yanaweza kuwa mafupi, kama haya:

"Leo tarehe ........ sisi watoto wa marehemu ........ pamoja na mama yetu tumekubaliana kutengeneza nyumba. Mama ataendelea kukaa humo maisha yake yote. Michango yetu ni msaada kwa familia. Haimpi mtu haki ya kumtoa mwingine. Sahihi: ........ Mashahidi: ........"

Familia ya mfano wetu ilifanya hivyo. Dada hakuwa na fedha. Alisema, "Mimi na mume wangu tutasomba mchanga na mawe." Ikaandikwa. Mchango wa nguvu ni mchango.

4. Pangeni kazi kwa kufuata majira

Katika mkoa wetu wa Ruvuma mvua huanza kwa kawaida Novemba au Desemba, na huendelea mpaka Aprili au Mei. Kwa hiyo kazi ya kuta na paa ifanywe wakati wa kiangazi. Wakati huo udongo hukauka vizuri, na barabara zinapitika.

Kama fedha hazitoshi, msifanye kila kitu nusu nusu. Gawanyeni kazi kwa miaka, kama wazee walivyofanya. Fuateni utaratibu huu:

Mwaka wa kwanza: maji, msingi na kuta zenye hatari.
Mwaka wa pili: paa.
Mwaka wa tatu: sakafu, madirisha, jiko, lipu na rangi.

Kama paa linavuja, lizibeni kwa muda mwaka huo wa kwanza, ili mvua isiharibu kazi ya kuta. Rangi ni ya mwisho. Rangi haishiki ukuta wenye unyevu.

Shikeni pia amri hii moja: msiezue paa la zamani kabla vifaa vyote vya paa jipya havijafika uani. Maneno kama "mabati yatakuja wiki ijayo" yameziharibu nyumba nyingi, kwa sababu mvua haingoji gari.

5. Kwanza ondoa maji

Wakulima wa Umatengo wanajulikana mbali kwa kilimo cha ngoro. Huchimba mashimo mengi ya mraba katika mteremko, na mvua ikinyesha, maji huingia katika mashimo hayo badala ya kuteremka kwa nguvu na kuchukua udongo. Hivyo shamba la mlimani halimomonyoki.

Mkulima huyo anayajua maji kuliko fundi yeyote. Lakini nyumbani afanye kinyume. Shambani tunayazuia maji yakae. Nyumbani tunayaongoza yaondoke.

Nyumba nyingi za mlimani zimejengwa juu ya kiwanja kilichokatwa katika mteremko. Maji ya kilima hushuka moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya ufa katika chumba cha mama. Matofali yake yalikuwa mazuri. Ubaya ulikuwa katika maji yaliyolainisha udongo chini ya msingi kila mwaka.

Fanya hivi:

(a) Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, mbali kidogo na ukuta. Upe mteremko ili maji yapite pembeni na kuteremka mbali. Yasielekezwe kwa jirani.
(b) Shindilia udongo kuzunguka nyumba, ili uinamie nje.
(c) Rudisha udongo au mawe mahali msingi ulipoachwa wazi. Lakini udongo usipande juu ya msingi mpaka kugusa matofali.
(d) Refusha paa litoke nje ya ukuta, angalau nusu mita, ili matone yasipige ukutani.

Wenzetu wa mwambao wana jambo jingine la kukumbuka. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa miaka mingi. Mwaka 1980 yalipanda juu sana. Kama nyumba ya zamani iko karibu mno na maji, waulizeni wazee ziwa lilifika wapi wakati huo. Huenda kujenga upya mahali pa juu ni bora kuliko kutengeneza.

6. Msingi na kuta

Msingi uliozama hutengenezwa kwa vipande. Fundi huchimba chini ya ukuta sehemu fupi, isiyozidi mita moja, akajaza mawe na zege, akangoja ikauke na kushika. Kisha huruka, akaenda sehemu nyingine. Asichimbe urefu wote kwa siku moja. Ukuta usio na kitu chini utaanguka, na utamwangukia yeye.

Ufa katika ukuta wa matofali hauponi kwa kupakwa saruji juu. Msingi ukishatulia, fundi huondoa matofali yaliyovunjika kila upande wa ufa, kozi kwa kozi, akaweka matofali mazima yanayokatisha ufa. Ni kama kushona nguo iliyochanika. Matofali ya kuchoma yaloweshwe majini kwanza, la sivyo yatanyonya maji ya udongo wa kujengea.

Ukuta wa matofali mabichi au wa miti na udongo una tabia yake. Watu wengi huupiga lipu ya saruji wakidhani wanauimarisha. Saruji ni ngumu, na udongo ni laini. Lipu hupasuka, maji huingia nyuma yake na kubaki humo. Baada ya muda lipu huanguka vipande vikubwa, na ukuta wa ndani umekwisha kuwa tope. Ni afadhali lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi, itengenezwe upya kila inapochakaa. Paa refu na msingi wa mawe ndivyo vinavyoulinda ukuta wa udongo.

Kuna jambo jingine. Ziwa Nyasa liko katika Bonde la Ufa, na ardhi ya hapa hutikisika. Mwaka 1989 tetemeko la Salima, nchini Malawi, liliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Desemba 2009 matetemeko yalibomoa nyumba nyingi za Karonga, huko huko Malawi, kaskazini-magharibi mwa ziwa. Kwa hiyo mnapoezua paa, tumieni nafasi hiyo. Fungeni kuta zote juu kwa lenta ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima. Lenta huzishika kuta pamoja kama mshipi kiunoni.

Vijana wengi hupenda kuondoa ukuta wa ndani ili sebule iwe kubwa. Usiuguse ukuta kabla ya kupanda darini kuona kama umebeba kenchi. Ukiwa umebeba, fundi lazima aweke boriti na nguzo kwanza.

Kama mnaongeza chumba, kumbukeni kwamba msingi mpya bado utazama kidogo, na ule wa zamani ulikwisha kutulia. Acheni mwanya mwembamba ulionyooka kati ya ukuta mpya na wa zamani, muufunike, kuliko kuzilazimisha kuta zishikane na kupasuka baadaye.

7. Paa

Ondoa mbao zilizoliwa, bakiza nzima. Mbao za zamani za mninga mara nyingi ni imara kuliko mbao mbichi za sokoni. Mbao mpya zikaushwe na kupakwa dawa ya mchwa kabla ya kupanda juu.

Kule mwambao upepo wa kusi huvuma kwa nguvu kutoka ziwani. Paa haliangushwi na upepo tu. Hunyanyuliwa. Kwa hiyo kila kenchi ifungwe kwa waya mnene uliozamishwa ndani ya ukuta, kozi nne au tano chini, au ulioshikwa na lenta.

Mabati ya zamani yasiyo na kutu yatumike kuezekea jiko au choo. Msipigilie misumari katika matundu ya zamani.

Onyo: Ukikuta paa au dari la asbesto, yaani vigae vigumu vya kijivu vinavyofanana na saruji, usikate, usivunje, usikwangue. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Pata ushauri wa afisa afya kwanza.

8. Ndani ya nyumba

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wananchi kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Mafunzo yale bado ni ya kweli. Unapotengeneza nyumba, tengeneza afya.

Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Weka wavu mwembamba hapo na madirishani. Hewa itapita, mbu watabaki nje. Chandarua kiendelee kutumika.

Jiko la kuni lisiwe chumbani. Litengwe, au liwe na bomba la kutolea moshi. Moshi huwaumiza kwanza akina mama na watoto wachanga.

Sakafu ya saruji imwagiliwe maji au ifunikwe magunia mabichi kwa siku saba. Saruji haitaki kukaushwa upesi. Inahitaji maji ili ishike.

Mwisho, tukumbuke miti. Tanuri moja hula kuni nyingi. Safisheni matofali mazima ya zamani na kuyatumia tena. Kuna pia matofali ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine na kufungamana bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi uliwahi kufundisha namna ya kuyatengeneza.

9. Ilikuwaje?

Familia ya mfano wetu haikununua mabati ya rangi mwaka ule. Walichimba mtaro. Walitengeneza msingi wa nyuma vipande vinne, wakashona ufa. Mashimo ya paa yakazibwa. Fedha zikaisha.

Masika yakaja. Mwezi wa Machi kijana mkubwa akampigia mama simu. "Mama, mvua huko vipi?"

"Inanyesha sana, mwanangu."

"Na ukuta?"

"Karatasi yako ipo nzima," mama akasema. "Kitanda nimekirudisha mahali pake."

Zoezi la hesabu

Paa la nyumba lina pande mbili. Kila upande una urefu wa mita 9. Bati moja la mita 3 linatosha kutoka juu mpaka chini. Baada ya kupishana, kila bati linafunika upana wa sentimita 75. Je, yanahitajika mabati mangapi?

Jibu: Mita 9 ni sentimita 900. Gawanya kwa 75, unapata 12. Pande mbili: 12 × 2 = 24. Mabati 24, pamoja na kofia za kufunika mgongo wa paa.

Sasa pima nyumba yenu na ufanye hesabu yako.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini kijana mkubwa alibadili nia yake?
2. Kwa nini tunaandika tarehe juu ya karatasi ya ufa?
3. Lipu ya saruji ina ubaya gani juu ya ukuta wa udongo?
4. Katika kijiji chenu, mjane hulindwaje nyumba ya familia inapotengenezwa?
5. Nenda nyumbani, ukague nyumba yenu. Andika mambo matatu uliyoyaona, na lipi litangulie. Uje uwasomee wenzako katika kipindi kijacho.